Kazi ya Kumwaga Vumbi Kawale

Nimeshafanya kazi mingi za ajabu mu hii maisha, lakini kulipwa kwa kumwaga vumbi mu barabara, ile inapita zote. Bantu banakimbia vita, banavuka mipaka, banalala chini mu makanisa ya bantu, kusudi siku moja baseme: tumefika. Mi nilitoka Bukavu, nikazunguka kote kule, nikafika Dzaleka, kambi ya bakimbizi ya Malawi, na baraka yangu ikanikuta pale: chukua vumbi, chunga vizuri sawa unga, peleka Lilongwe, mwaga chini. Kisha uikusanye tena.

Niseme mapema kama shule mi nilifika katikati nikashuka, sawa muntu mwenye kushushwa mu basi juu konda amechoka naye. Kwa hiyo kama kuna mwenye masomo anasoma hapa na anaona nimeeleza vibaya, asihangaike kunirudisha. Balimu balishajaribu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa mashini ya kufagia barabara, kubwa sawa kamyo ya mizigo. Chini iko na brosi za duara zenye kuzunguka, nyuma iko na tumbo ya kuweka uchafu. Mwenye kuiuzisha alikuwa anasema haifagie tu, inasafisha mpaka na hewa yenye tunavuta. Benye maduka ba barabara moja ya Kawale, mutaa wa Lilongwe, balitaka kuikodi, ipite kwao kila asubuhi. Lakini bale benye kubakopesha balikuwa na akili kidogo kushinda beye. Balisema: kwanza muntu asiyeuza na asiyenunua aipime. Njo akaletwa mama mumoja ingenieri, Mtanzania, mwembamba, viatu vya kazi, na sura ya muntu ameshadanganywa na bakubwa bengi na hataki kurudia.

Chichewa hakujua ata ya kuomba maji. Njo maana alipanda mpaka Dzaleka kutafuta bantu ba ganyu, ile kazi ya siku-siku, juu sisi tuko na Kiswahili. Kiswahili chetu alikuwa anakisikiliza sawa mugeni anaonja mboga ya watu: polepole, bila kutema.

Njia yake ya kupima ilinichekesha mpaka nikajificha nyuma ya gari. Unachagua kipande ya barabara. Unaifagia, unaiosha, unaacha ikauke, mpaka unaweza kukulia nsima, ugali wa huku, pale chini. Alafu unarudisha uchafu. Lakini si uchafu wa ovyo. Ni uchafu umepita ku mizani: mchanga kadiri yake, vumbi nene kadiri yake, na ile laini kabisa yenye inaingiaka mu kifua bila kupiga hodi. Mashini inapita. Yenye imebaki chini, unaikusanya na kuipima tena. Yenye haiko chini na haiko mu tumbo ya mashini, basi iko mu hewa, iko mu pua ya muntu. Ni hesabu ya kutoa tu. Ile nilikuwa nimeshaifikia mbele nishuke ku shule.

Vumbi tuliichungia kwangu, ku kambi, juu ya mahema ya plastiki. Kiangazi cha Dzaleka, vumbi ni kitu kimoja chenye hatuombaki musaada. Jirani wangu, mama mumoja wa Uvira mwenye mudomo, akasimama ku kona ya nyumba, mikono ku kiuno.

"Baba, unga ya nini hiyo?"

"Si unga. Ni vumbi."

"Munakulaka na mboga gani?"

"Tunauzisha Lilongwe."

Akaangalia ile magunia, akaangalia uwanja wake mwenyewe, wote mwekundu, wote vumbi. "Na mi niko nafagia natupa," akasema. "Kumbe niko tajiri."

Toka siku ile batoto ba mutaa balikuwa banapita kwangu na vumbi mu makopo, banauliza kama ninanunua.

Siku ya kushuka, ku kizuizi cha polisi, askari mumoja kijana akasimamisha gari ya Ingenieri, akagonga magunia.

"Ni nini humu?"

"Vumbi, bwana," nikamwambia na ka-Chichewa kangu.

"Munapeleka wapi?"

"Lilongwe."

"Lilongwe hakuna vumbi?"

"Iko, bwana. Lakini haina ubora."

Akafungua gunia, akaingiza mukono mpaka ku kiwiko, akakuta ni vumbi tu. Akatuangalia kwa huruma ile ya kuangalia bagonjwa ba kichwa, akatuachilia. Ingenieri alicheka mpaka kituo cha mbele. Mi nilibaki nafikiri: huyu askari ni muntu wa kwanza mu hii mradi kuelewa mambo.

Sasa niseme kitu kimoja chenye hakichekeshe, alafu turudie.

Ile barabara ya Kawale, ku kona yake, kunauzishaka yaya yangu, dada yetu mukubwa. Aliolewa na Mmalawi, muntu wa Madisi, njo maana iko na haki ya kukaa mujini. Iko na meza moja, kiti kimoja, mbabula moja, jiko ya makala, na mandazi yenye bafundi ba magari ba ile kona hawawezi kuanza siku bila yao. Ile meza inakulisha batoto bake, na kipande kinapandaka mpaka kwangu ku kambi, hata kama mi ninasemaka kwa bantu ni mi ninamusaidia.

Na yaya iko na pumu, toka utoto.

Mwenye mashini alikuwa ameshaanza kuipitisha pale kila asubuhi, eti ya kuonyesha tu, mbele ya kupimwa. Kila ikipita, kifua cha yaya kinafungwa. Mara moja ilifika wanamupandisha ku kabaza, baiskeli ya kubeba bantu, upande-upande sawa bibi-arusi, mume wake anakimbia pembeni ameshika mugongo wake, mpaka hospitali. Alipopona alienda kusema kwa mukubwa wa benye maduka, mwanaume mumoja mnene mwenye kuuzisha bati na misumari. Yule akamusikiliza yote, akamwambia: pepani, amayi, pole mama, lakini mashini inasafisha. Kinachokuua ni moshi ya mbaula yako.

Mwenye mashini akadaka ile neno sawa muntu anadaka kuku. Toka hapo kila akikohoa, bantu banaangalia mbabula.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Mashini ikishinda mupimo, itapita pale kila asubuhi, saa ile ile ya mandazi, na yaya atatoka. Kona ingine hakuna, zote ziko na benyewe. Atatoka aende wapi? Aache batoto na mume, apande kwangu, mu nyumba yangu ya vyumba viwili, tukae tunaangaliana. Aliniambia hivi, bila kulia, anageuza mandazi:

"Mdogo wangu, unafanya na bale ba kupima. Mi sikuombe uibe. Angalia tu bapime kweli."

"Yaya, mi niko mubeba magunia."

"Basi beba kweli."

Sasa huyu mwenye mashini. Niwaeleze vizuri, juu kumuchukia kulinipa afya. Alikuwa muntu wa kwetu, Kongo, lakini alitoka na ndege, sanduku ya magurudumu, si kama sisi tuliotoka na sufuria ku kichwa. Vesti ya rangi ya maziwa. Viatu vya ncha ndefu, unaweza kufungulia chupa. Siku za kwanza alijifanya hajue Kiswahili, eti "mes amis, mes amis", Kifaransa tupu, mpaka siku moja mulango ya gari ulimubana kidole na Kiswahili chote cha Lubumbashi kikatoka, pamoja na matusi ya mama wa mulango.

Alikuwa na kakaratasi kake kenye kung'aa anakagawia kila muntu. Ku picha, nyuma ya mashini, kuna katoto kazungu kananusa ua. Mi nilishatembea nyuma ya ile mashini. Kale katoto kangekufa na ua mu mukono.

Ingenieri alikuwa hapokee kitu ya huyu bwana. Bwana akileta soda, anakataa. Akimupatia lifti, anapanda gari yake mwenyewe. Siku moja alituletea sisi bote kuku na chipsi, akamuwekea Ingenieri sahani ya kwanza. Yeye akatoa mandazi ya yaya mu mfuko, akaanza kula.

Nikamuuliza pembeni, "Dada, Mtanzania gani anakataa kuku?"

"Nikila kuku wake, kaka, vumbi litapungua."

"Na mandazi ya yaya yangu?"

"Nimeyalipia. Na leo ndiyo mwisho, nikishaanza kupima hapa sinunui hata kwake."

Nilimuona ni muntu wa baridi kabisa. Nikala kuku yake.

Siku ya kupima ikafika. Barabara imefungwa, imeoshwa, imekauka. Tulimwaga vumbi yetu ku ukingo, mustari murefu, sawasawa, sawa poda ku shingo ya mwanamuke. Ingenieri akaingia mu gari kutengeneza nyaya za vyombo vyake, akatuambia tungoje.

Njo bageni bakafika. Mwenye bati, mukubwa wa benye maduka, suti. Mke wake, nguo nyeupe toka kichwa mpaka chini, na kofia. Bengine ba maduka na bibi zao. Mwenye mashini alibakaribisha juu ya viti vya plastiki, karibu kabisa na ukingo, eti baone vizuri.

Mu kikundi chetu kulikuwa mzee mumoja Munyarwanda, shemasi ku kanisa ya kambi. Tulimwita Papa Shemasi. Kazi yake ya kila Jumamosi ni kutayarisha kanisa, yenye iko chini udongo tu. Aliangalia ile vumbi kavu, akaangalia ile nguo nyeupe, nikaona sura yake inabadilika.

"Mwana wangu," akaniambia, "hii si aibu?"

"Aibu gani, Papa?"

"Bageni bamekaa, nguo nyeupe, na sisi tunataka kufagia kukavu mbele yao. Baseme bakimbizi hawakulelewa?"

Na hapa muelewe. Kwetu, uwe wa Bukavu, uwe wa Kigali, uwe ulizaliwa ku kambi, muntu hafagie kukavu mbele ya mugeni. Unanyunyiza kwanza maji na vidole, vumbi inalala, njo unafagia. Ni heshima ya kwanza yenye mutoto anafundishwa, mbele ya kusalimia. Mama yangu akikukuta unafagia kukavu, ufagio unabadilisha kazi. Kwa hiyo Papa Shemasi aliposema vile, hakuna muntu aliuliza swali. Vichwa vyote vilikubali. Tulikuwa tumeshafundishwa kila kitu juu ya mizani na vumbi laini, na ilitoka yote mu kichwa mara moja, sawa maji mu kikapu.

Tulikimbia kwa bosha-magari, tukarudi na ndoo. Mi nilibeba ndoo ya pili, sitaki kuonekana mubaya kushinda bengine. Papa alinyunyiza yeye mwenyewe, anarudi kinyumenyume, polepole, mukono unaenda unarudi, kazi safi kabisa. Mke wa mwenye bati akatikisa kichwa kumushukuru. Papa akainama kidogo.

Ingenieri bado iko mu gari na nyaya zake, mashini ikapita. Wala vumbi kidogo. Hewa ilibaki safi sawa ya Bukavu asubuhi baada ya mvua. Chini, ni kweli, ile vumbi ilikuwa matope, na brosi ziliipaka tu ku lami sawa siagi ku mukate, lakini nani anaangalia chini? Bageni balipiga makofi. Mwenye mashini akafungua mikono.

"Voilà. Munaona hewa? Munaona?"

Mwenye bati akasimama kumupa mukono. Na mi, na ndoo yangu tupu, nilikuwa nacheka nao, mpaka nikageuka nikaona yaya ku meza yake. Hakupiga makofi. Aliniita na kidole kimoja.

"Mumetia maji ya nini?"

"Ni Papa. Juu ya bageni."

"Asubuhi zingine zote inapitaka kukavu. Nani anatiaka maji?"

Nikaificha ndoo nyuma ya mugongo.

"Sasa ile mama ataandika mashini haitoe vumbi," akasema. "Asante, mdogo wangu. Umebeba kweli kabisa."

Kule Ingenieri ametoka mu gari. Alitembea mpaka ku ukingo, akachuchumaa, akagusa chini na kidole, akakiangalia. Matope. Akasimama.

"Nani amemwaga maji hapa?"

Papa Shemasi akanyoosha mukono juu, sawa mwanafunzi mwenye jibu. "Ni sisi, mama. Karibu sana."

Sijawahi kuona muntu anapambana na uso wake namna ile. Alitaka kukasirika, lakini unakasirikia wapi mzee mwenye kukukaribisha? Akafuta kidole ku suruali.

"Hiki hakihesabiki," akasema. "Tunarudia."

Mwenye mashini akaruka. "Hakihesabike namna gani? Bote bameona. Hewa ilikuwa safi."

"Hewa ilisafishwa na huyu mzee. Ukitaka nimpime mzee, sema."

"Mama, hii ni desturi yabo. Huku Afrika bantu banatiaka maji. Ni mazingira."

Ametoka Lubumbashi huyu, anatuambia "huku Afrika".

"Sawa," Ingenieri akasema. "Basi andika kwenye karatasi yako kwamba unauza gari pamoja na mashemasi wenye ndoo, watangulie mbele kila siku."

Na yule bwana, badala ya kuona haya, akafikiri. Nilimuona kwa macho yangu anafikiri. Akatuangalia sisi bote, toka Papa mpaka mi, namna unaangalia matairi ya zamani.

"Si problème," akasema. "Hawa si ba bei kali."

Mwenye bati hakuelewa Kiswahili, alikuwa anauliza nini, nini. Papa Shemasi aliweka ndoo yake chini, vizuri, bila kupiga kelele.

"Bwana," akasema, "mi si kipande ya gari."

Akaenda kukaa kivulini. Mi ningekuwa na heshima kama ile, leo ningekuwa pasta.

Tukaosha tena, tukangoja barabara ikauke sawa bantu banangoja kuitwa kwenda Kanada. Mule katikati, mwenye mashini akanivuta pembeni, mi peke yangu, juu alisikia natoka kwao. Akanipeleka mu kamgahawa, akaniagizia kuku nzima. Kiswahili chake sasa kilikuwa chororo, cha nyumbani, mpaka akaniita ndugu.

"Petit, mdogo wangu," akasema, "kesho, ukimwaga ile vumbi ya laini, unaweza kuwa unatoka jasho. Jasho ni maji. Hakuna muntu anaweza kukulaumu."

"Jasho ya chupa ngapi, grand?"

"Mbili zinatosha. Mu mifuko."

Nilitafuna. Niliwaza yaya amekaa upande-upande ku kabaza. Niliwaza pia mapaja ya kuku yalikuwa yamebaki.

"Nimeelewa, grand," nikasema, na hiyo ilikuwa kweli, nilimuelewa mpaka mwisho.

Kuku nilikula yote. Maji sikubeba ata tone. Nilimuelezea Ingenieri kila kitu, mpaka na pilipili, akasema ilikuwa bora nisingekula. Nikamwambia kila muntu iko na namna yake ya kutokuwa upande wa muntu. Yeye anakataa sahani, mi ninaimaliza.

Siku ya kurudia, Ingenieri aliongeza kitu. Alichukua kasanduku keupe, ka ukubwa ya redio, kenye kunyonya hewa na kuandika vumbi laini iko ngapi, akakapeleka moja kwa moja ku meza ya yaya.

"Mama, naomba nafasi yako. Naomba uwashe jiko lako kama kila siku, ukaange, halafu uniachie kiti."

"Na mi nitakaa wapi?"

"Ndani ya gari langu, vioo vimefungwa. Sipimi kwa kifua cha mtu."

"Kila asubuhi ile mashini naikutaka hapa," yaya akasema. "Leo kuna bashahidi, njo nikimbie?"

"Leo kuna sanduku. Likae lenyewe."

Yaya akaingia mu gari, kiti cha mbele, kitenge mabegani, akafunga kioo. Alikaa mule sawa bibi wa waziri. Ku kiti chake, nyuma ya mbabula yenye kuwaka, kalikaa kale kasanduku. Mwenye bati, kofia ku kichwa, akasogea kuangalia namba, na mi nyuma yake. Mafuta inachemka, moshi inatoka, mandazi inaiva. Namba ilikuwa inachezacheza tu pale chini. Mwenye bati akainama, akaigonga na ukucha, akifikiri imekufa.

"Hii ndiyo mbabula peke yake," Ingenieri akamwambia, na mi nikageuza mu Chichewa. Mwenye bati akasema mmh.

Alafu mashini ikaanza. Vumbi kavu, kumekauka, hakuna shemasi. Niseme ukweli, mbele ilikuwa inafanya vizuri. Chupa, mifuko, maganda, mchanga, yote inameza sawa mbwa. Lakini nyuma yake, kule kwenye mupira wa kuzuia vumbi ulipasuka, ikawa inatema. Wingu moja, nyembamba, rangi ya chai ya maziwa, haina haraka. Lilisimama kwanza, alafu likatembea mpaka ku viti vya plastiki.

Mke wa mwenye bati alikuja tena na nyeupe. Sijui nani alimushauri. Lile wingu lilipomupita, alikuwa amefanana na mkate wa ngano. Vesti ya maziwa nayo ikawa kahawa. Bageni bakakimbia, kila muntu na kitambaa ku pua, bengine bakaingia mu duka ya bati bila kuitwa. Na ku meza, namba za kasanduku zikapanda zikapanda, sawa panya ku ukuta, na mwenye bati alikuwa amesimama palepale, juu alikuwa amezishangaa, anakohoa mpaka machozi.

Wingu lilipoisha, alibaki ameshika ukingo wa meza. Akaangalia mbabula. Akaangalia kasanduku. Akaangalia mu gari.

"Kumbe amayi alisema kweli," akasema.

Yaya akashusha kioo kidogo, upana wa vidole viwili. Chichewa chake ni kizuri kushinda changu, kwa hiyo alimujibu mwenyewe.

"Mi nilikohoa hapa mbele yako wiki na wiki, ukasema ni makala. Kasanduku kamekohoa mara moja, na umevua kofia."

Kweli alikuwa amevua kofia, kuipangusa vumbi. Lakini hakuirudisha.

Ingenieri alipima yenye ilibaki chini, akafungua tumbo ya mashini, akapima yenye ilikuwa ndani, akafanya ile hesabu ya kutoa. Akarudia mara zingine, siku zingine, kila mara bila ndoo. Mwishoni akabaita bote mu duka ya bati, juu ya masanduku ya misumari, akasema mbele yabo. Mashini inaokota vizuri vitu vikubwa. Vumbi ile laini, yenye inaumiza, inaitoa chini na kuitupa mu hewa. Vijitundu vyake vya kunyunyizia maji vimeziba, mupira wa nyuma umepasuka. Isipite penye bantu banakaa mpaka itengenezwe na ipimwe upya.

Mwenye mashini alisema mama iko na wivu. Hakusema wivu ya nini. Ya viatu, labda.

Mwenye bati akakuna shingo. Alikuwa bado anaitaka, unaona muntu mwenye ameshaota kitu. "Na kama ikipita saa yenye amayi hayuko?" akauliza.

Nikageuza. Ingenieri akamuangalia.

"Na mke wako?" akasema. "Yeye anapumua saa ngapi?"

Ile sikuigeuza vizuri, nilikuwa nacheka, lakini alielewa. Akasema basi, irudi kwao itengenezwe, na mpaka siku hiyo bamama ba ufagio, bale balikuwa banafagia mbele mashini ije, barudishwe ku barabara. Bengine bakakubali haraka, sawa vile beye njo balisema toka mwanzo. Mumoja akaniambia mi, mubeba magunia, eti yeye hakuipendaka ile mashini ata siku moja. Alikuwa amepiga makofi kushinda bote.

Usiku ule nililala kwa yaya, asubuhi tukatoka pamoja na meza ku kichwa. Mu zile wiki za mashini alikuwa amerudisha meza yake nyuma, karibu na shimo la maji machafu, kukimbia vumbi. Siku hiyo aliiweka mbele, ku ukingo kabisa, miguu miwili ikagusa lami. Akawasha mbabula. Mama mumoja wa ufagio alikuwa anakuja kutoka juu, ananyunyiza, anafagia, ananyunyiza, anafagia, na barabara nyuma yake ilikuwa nyeusi na inanukia mvua.

Kifua cha yaya bado kilikuwa na ile filimbi kidogo. Hospitali balimwambia itachukua muda. Alikaanga, nikamushikia beseni, nikangoja aniambie kitu. Bafundi ba magari bakaanza kufika, banasimama nyuma yangu, banachungulia.

"Yaya," nikasema, "basi nilibeba kweli?"

Hakuinua macho. Alikuwa anahesabu mandazi mu gazeti ya muteja.

"Toka hapo mbele," akasema. "Unazuia bantu."